Jipu lililoitwa bawasiri: uchambuzi wa kisa cha fundi cherehani

Kwanza, ruhusa

Mgonjwa wa kisa hiki nilimhudumia mwenyewe, katika hospitali moja ya wilaya huku bara, Tanzania. Ameridhia kiandikwe. Umri wake nimeusogeza kidogo, mji nimeuficha, na mambo ya familia yasiyohusu ugonjwa nimeyaacha. Kazi yake ndiyo aliyonikatalia nisiibadilishe. "Andika fundi cherehani, dokta," alisema. "Tuko wengi, hawatanijua." Basi humu nitamwita Fundi, kama tulivyomwita wodini.

Ugonjwa wenyewe si wa ajabu. Ninauandika kwa sababu kabla hajanifikia alikuwa ameshatibiwa na watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyepatazama mahali palipouma. Walitibu neno. Neno lenyewe lilikuwa bawasiri.

Mgonjwa na hali yake kabla ya kuugua

Fundi ana miaka 40 na ushee, mke na watoto watatu, na kibanda sokoni. Hukaa juu ya stuli ya mbao tangu asubuhi hadi magharibi. Havuti sigara wala hanywi pombe, na hakuwahi kulazwa. Hakuwahi pia kupimwa sukari, ingawa marehemu baba yake aliondoka na kisukari. Hilo la baba tulilipata siku ya tatu wodini, mtu alipouliza kwa utulivu.

Kuna jambo jingine tulilolijua baadaye, na kila nikilikumbuka hujilaumu kwa niaba yetu sote. Katika miezi mitano kabla ya jipu, Fundi alikuwa amepunguza viuno vya suruali zake mara mbili kwa cherehani yake mwenyewe. Usiku aliamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Kiu aliiona ni ya joto la mabati ya kibanda. Mtu anayekonda, anayekunywa sana na kukojoa sana anaeleza kisukari kitabu kizima, ila hakuna aliyemuuliza.

Siku nane za mwanzo

Siku ya kwanza alihisi kama ameketi juu ya kokoto. Alipapasa akakuta kinundu upande wa kushoto, pembeni ya njia ya haja kubwa, kikubwa kama punje ya harage. Aliwaza: nimekaa sana, hii ni bawasiri. Jioni alikwenda duka la dawa muhimu, akasimama pembeni mpaka wateja wanawake walipoondoka, kisha akanong'ona hilo neno. Akapewa vidonge vya kuchomeka vya bawasiri. Kuvichomeka kulimuuma hadi machozi.

Siku ya pili shangazi yake alimshauri aache pilipili na maharage, na akalie maji ya moto yaliyochemshwa na mwarobaini. Yale maji, kwa kweli, yalimpunguzia maumivu kwa saa moja au mbili. Kuacha maharage kulimletea choo kigumu.

Siku ya nne alinunua unga wa mitishamba stendi, kwa mmoja wa wale wanaotangaza kwa spika kwamba dawa yao inatibu bawasiri, mgongo, nguvu za kiume na ngiri kwa pamoja. Alielekezwa aukande kwa mafuta na kuupaka. Ngozi iliungua juujuu, ikachubuka.

Siku ya tano alikwenda zahanati. Hapo alipata bahati ya kukutana na tabibu mwenye adabu na uzoefu, lakini mazungumzo, kama Fundi alivyonisimulia, yalikuwa mafupi mno.

"Tatizo nini, mzee?"

"Bawasiri, daktari."

"Tangu lini? Unatoka damu?"

"Siku tano. Damu hapana."

Akaandikiwa siprofloksasini, metronidazo na sindano ya diklofenaki, na vidonge vya diklofenaki vya kumeza nyumbani. Jibu la "damu hapana" lilipaswa kumsimamisha mwulizaji. Bawasiri za ndani kwa kawaida hutoa damu nyekundu bila maumivu, kumbe mtu huyu alikuwa na maumivu makali bila damu. Alikuwa anaeleza kinyume cha ugonjwa alioutaja.

Siku ya sita na ya saba alijisikia nafuu. Diklofenaki ilishusha homa na kutuliza maumivu, naye akarudi kazini, akashona amesimama. Chini ya ngozi usaha ulikuwa unaongezeka.

Usiku wa siku ya nane

Aliletwa na bajaji saa nne usiku. Mkewe alisema njia nzima alipiga magoti juu ya kiti, ameshikilia mgongo wa kiti, uso ukielekea nyuma. Alikuwa anatetemeka. Joto la mwili lilikuwa 39.1, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, presha nzuri. Tangu mchana hakuwa amekojoa vizuri, kwa kuwa maumivu ya sehemu ile huweza kuibana hata njia ya mkojo.

Mimi ni mwanamke, na ni mdogo kwake kwa umri. Alinitazama, akamtazama mkewe, akasema, "Dokta, ni bawasiri tu, nipe sindano." Nilimjibu kwamba sindano atapata, ila kwanza lazima nione, na kama anapenda nitamwita muuguzi wa kiume awepo. Alipenda. Tulimfunika khanga, akalala ubavu wa kushoto magoti yakiwa kifuani, makalio ukingoni mwa kitanda. Kumtazama kulichukua kama dakika mbili.

Palikuwa na uvimbe mwekundu, wa moto, unaong'aa, wa sentimita 6 kwa 5, upande wa kushoto nyuma, ukingo wake ukiwa sentimita 2 tu kutoka njia ya haja kubwa. Ngozi iliyochubuliwa na ule unga ilikuwa juu yake. Kidole hakikuingia kwa maumivu, nami sikumlazimisha. Nilipapasa hadi kwenye korodani na msamba kutafuta mambo matatu: ngozi nyeusi, hewa inayochakacha chini ya ngozi, au maumivu yanayovuka eneo jekundu. Sikuyakuta. Ningeyakuta, tusingekuwa tunazungumzia jipu bali ule uozo unaokula msamba kwa saa chache, unaobeba jina la daktari wa Paris, Jean Alfred Fournier, aliyeueleza mwaka 1883. Wenye kisukari ndio huathirika zaidi, na unaua.

Muuguzi akachoma kidole kupima sukari. Ilisoma 17.8, juu mno.

Mambo ambayo yangeweza kuwa

Kinundu kinachouma pale hakina jina moja, na wanaosoma hapa pengine wanataka kujua chao ni kipi. Basi nieleze nilivyokuwa nachambua kichwani nikiwa na glavu mkononi.

Bawasiri ya nje iliyoganda damu huja ghafla, mara nyingi baada ya kujikamua chooni au kunyanyua mzigo. Ni kinundu cha mviringo, cha rangi ya zambarau au bluu, kiko ukingoni kabisa, kinauma mno siku mbili tatu za mwanzo kisha maumivu hushuka yenyewe. Hakina homa. Mgonjwa akiwahi ndani ya saa 72 kinaweza kukatwa kwa ganzi na akapata nafuu papo hapo. Akichelewa, maji ya uvuguvugu na dawa ya maumivu vinatosha, na kwa wiki chache hunywea. Hii ndiyo bawasiri pekee inayofanana na kisa cha Fundi, lakini maumivu yake yalikuwa yanapanda siku hadi siku, na kitu chenyewe kilikuwa kimekaa nje ya ukingo.

Mpasuko wa njia ya haja kubwa huuma kama wembe wakati wa choo na saa kadhaa baadaye, ukiacha damu kidogo kwenye karatasi. Mara nyingi huwa nyuma katikati, na ukikaa sana huota kijinyama pembeni ambacho watu hukiita bawasiri vilevile. Tiba yake huanza na kulainisha choo, maji ya uvuguvugu, na mafuta ya diltiazemu au nitrogliserini yanayolegeza msuli.

Vipele vidogo vya mizizi ya nywele hutokea kwa wanaonyoa kwa wembe butu, na vingi hupona kwa usafi na kuacha kunyoa. Sunzua, zinazoletwa na kirusi cha HPV, ni laini, zina umbo la koliflawa, na kwa kawaida haziumi. Malengelenge madogo yaliyoshikana, yanayopasuka na kuwa vidonda vinavyochoma, hunipeleka kwenye hepesi. Vinundu bapa vyenye unyevunyevu visivyouma hunifanya niagize kipimo cha kaswende siku hiyohiyo. Hivi vitatu humfanya mgonjwa aogope kuulizwa kuhusu mapenzi, na mwanamume huogopa zaidi atadhaniwa nini. Mimi huuliza kwa sauti ileile ninayoulizia kikohozi. Majibu yake ni ya matibabu, hayatoki chumbani.

Majipu yanayorudirudi kwenye mikunjo ya kwapa, kinena na makalio, yakiacha makovu na vijitundu, ni ugonjwa mwingine wa ngozi unaohitaji tiba ya muda mrefu. Jipu la juu kabisa ya mfereji wa makalio, karibu na kifandugu, mara nyingi lina nywele ndani yake. Na kinundu kigumu kisichopona, chenye kidonda, hasa kwa mtu mwenye VVU au wa umri mkubwa, kikatwe kipande kipimwe kama si saratani.

Kwa nini jipu huota pale

Ndani ya njia ya haja kubwa, sentimita mbili hivi kutoka mlangoni, kuna vijitezi vichache vinavyofungukia kwenye vijimifuko vya utando. Kimoja kikiziba, vijidudu vya kinyesi huzaliana ndani yake. Usaha hutafuta njia ya kutoka, na rahisi kwake ni kuteremka kati ya misuli ya kubana haja hadi chini ya ngozi. Hivyo ndivyo majipu mengi ya hapo yanavyoanza. Kukaa juu ya stuli hakuhusiki. Fundi alilikataa hili mpaka siku ya mwisho, na sidhani kama nilimshawishi.

Hii ndiyo sababu jipu la njia ya haja kubwa halifanani na jipu la paja. La paja lina mlango mmoja. La huku lina mlango wa nje utakaoukata daktari, na mara nyingine mlango wa ndani ambao hakuna aliyeuona.

Maamuzi ya usiku ule

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupasua usiku huohuo. Wenzangu wawili walitaka tumpe dawa za mshipa, tusubiri "liive". Imani hiyo ina mizizi nyumbani na hata hospitalini: jipu bichi haliguswi. Lakini ngozi ya pale ni nene na mafuta ya chini yake ni mengi, hivyo usaha hujaa bila kuchomoza. Ukisubiri ulainike, unasubiri usambae. Antibiotiki nazo haziingii vizuri ndani ya mfuko wa usaha, ndiyo maana siku tatu za siprofloksasini hazikumsaidia. Neno la watu ni kutumbua, neno lililopanda majukwaa ya siasa mwaka 2015 na halijashuka bado. Kitabibu maana yake ni ileile ya zamani: usaha utoke.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumpeleka chumba cha upasuaji na kumchoma ganzi ya mgongoni, badala ya kumkata palepale kitandani kwa ganzi ya ngozi. Ganzi ya ngozi hufanya kazi vibaya ndani ya nyama yenye usaha, na nilihitaji kuchunguza ndani jambo lisilowezekana akiwa na maumivu. Na kwa sukari ile sikutaka kuacha mfuko hata mmoja nyuma.

Tulimpa insulini, maji ya mshipa, seftriaksoni na metronidazo. Si kila mwenye jipu lililopasuliwa vizuri anahitaji antibiotiki. Yeye alizihitaji kwa sababu ya homa, wekundu uliosambaa na kisukari. Saa saba usiku nilikata ngozi kwa umbo la jani, karibu na njia ya haja kubwa kadiri ilivyowezekana, ili kama itakuja kuwa fistula, yaani mrija usiofunga kati ya ndani na ngozi, basi iwe fupi. Umbo la jani huzuia kingo zisishikane mapema. Ulitoka usaha kama mililita 60, na chumba kizima kilijua. Nilivunja vijichumba kwa kidole na kuosha.

Sikutafuta mlango wa ndani. Nyama iliyovimba ni laini kama parachichi, na chuma cha kuchunguzia hujitengenezea njia yake ya uongo. Niliacha gozi moja, kile kitambaa cha vidonda, hadi asubuhi kuzuia damu, basi. Kukijaza kidonda gozi kila siku huongeza maumivu, na faida yake haijaonekana.

Asubuhi Fundi alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Alikaa kwa upande mmoja, lakini alikaa.

Wodini

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilirudi 10.9 kwa mia. Kwa hiyo si homa iliyopandisha sukari usiku ule, kisukari kilikuwepo muda mrefu. VVU hakuwa nayo. Alifundishwa kuoga kwa beseni: maji ya uvuguvugu yasiyounguza, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku na kila baada ya choo, bila dettoli wala sabuni ya unga, chumvi akipenda. Alirudishiwa maharage yake, mchicha, ugali wa dona na maji ya kutosha, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Siku ya nne alitoka na metformini na antibiotiki za kumalizia siku saba.

Kwenye karatasi ya kutoka niliandika: "Arudi kukiwa na tatizo." Nitarudi kwenye sentensi hiyo.

Wiki tisa za kimya

Kliniki ya kisukari alihudhuria vizuri, lakini kule hakuna aliyemuuliza kuhusu kidonda, naye hakusema. Alirudi kwangu wiki ya tisa, tena kwa sababu mkewe aliona vitambaa. Fundi alikuwa anakata mabaki ya pamba kibandani mwake na kuvikunja ndani ya nguo ya ndani, kwa kuwa kidonda kiliendelea kutoa majimaji ya rangi ya udongo. Kiliziba wiki moja, kikavimba, kikapasuka chenyewe, kikatulia, kikaziba tena. Nilipomuuliza mbona hakuja, alijibu, "Nilidhani ndiyo kusafishika kwenyewe. Na wewe uliandika kukiwa na tatizo. Hili sikuliona tatizo, lilikuwa dogo kuliko lile."

Alikuwa na fistula. Redioni neno hilo watu hulisikia kuhusu kinamama walioumia wakati wa kujifungua, naye alishtuka kweli. Nilimweleza kwamba yake ni mrija mdogo kati ya ndani ya njia ya haja kubwa na ngozi ya tako. Ni kitu cha zamani, na Kiswahili cha pwani kina jina lake: nasuri. Kati ya wagonjwa wa majipu haya, theluthi moja hadi nusu hivi huishia nayo, hata jipu likipasuliwa vizuri. Nilimwambia pia kwamba Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, alipasuliwa nasuri yake mwaka 1686 bila ganzi. "Mfalme?" akauliza. "Naye alikaa sana, si umeona."

Uzi

Nilimpa rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji, hospitali ya mkoa. Kwenye barua nilifanya kosa la kuchekesha ambalo lingeweza lisichekeshe. Wapasuaji huelezea eneo lile kama uso wa saa, namba 12 ikiwa mbele na 6 nyuma. Niliandika kwa Kiswahili "tundu lipo saa 5", nikimaanisha namba 5, yaani kushoto nyuma. Muuguzi aliyeipokea aliisoma kama Mswahili yeyote angeisoma: saa tano, mshale uko kwenye 11. Siku ile tundu lilikuwa limeziba, wakatafuta mbele kulia dakika kadhaa kabla ya kuona kovu langu. Tangu hapo naandika "kushoto nyuma, sentimita 2" na kuchora picha.

Chini ya ganzi, bingwa alikuta mrija unaopinda kutoka kwenye kovu hadi nyuma katikati, kama kanuni ya Goodsall inavyotabiri kwa matundu ya nyuma. Ulikuwa umepita ndani ya msuli wa nje wa kubana haja, na alikadiria umeshika zaidi ya theluthi yake. Hapo ndipo uamuzi mgumu ulipokuwa. Kuupasua mrija wote mara moja ndiyo tiba yenye kupona kwa uhakika zaidi, ila ukikata msuli mwingi mgonjwa anaweza kushindwa kuzuia upepo, au hata choo. Alipitisha uzi ndani ya mrija, akaufunga kitanzi nje ukiwa umelegea, usaha upate pa kutokea. Baada ya wiki sita, sukari ikiwa imeshuka, akaanza kuukaza kidogo kila wiki tatu, ili ukate msuli polepole huku nyuma yake kovu likiunga. Mbinu hii inatajwa katika maandishi ya Hippocrates, tabibu wa kale wa Ugiriki, aliyetumia uzi wa kitani na unywele wa farasi.

Fundi alipoelezwa, aliuliza uzi ni namba ngapi. Kisha akasema katika maisha yake yote ameona uzi ukiunganisha, hajawahi kuona unaokata.

Matokeo

Uzi ulidondoka wenyewe baada ya kukazwa mara nne. Wiki tatu mbele kidonda kilifunga. Tangu kinundu cha kwanza hadi hapo ilikuwa imepita kama miezi saba na nusu. Sukari ya miezi mitatu imeshuka hadi 7.1. Choo anakizuia bila shida. Upepo humponyoka mara moja moja, hasa akicheka, na ameomba niandike kwamba linamkera.

Uchambuzi

Tulipofanya vizuri ni pale tulipotazama, tukapima sukari na hatukusubiri. Mengine yaliyofanikiwa usiku ule yalitokana na hayo.

Yaliyoshindikana yana tabaka. La juu ni lugha. Mgonjwa hawezi kutamka jina la kiungo chenyewe mbele ya mtu wa heshima, kwa sababu jina la wazi ni tusi. Bawasiri ndilo neno la adabu lililobaki, na limebeba kila kitu: jipu, mpasuko, sunzua, saratani. Anayelipokea kama utambuzi wa ugonjwa amepokea heshima akaiandikia dawa. Siku hizi mgonjwa akiniambia bawasiri, ninauliza swali moja: maumivu yanapanda kila siku, au yalianza makali yakashuka, au yanakuja na choo tu? Kisha natazama, jibu lolote litakalokuja.

Diklofenaki ya siku ya tano siilaumu kwa kutuliza maumivu, hilo ndilo jukumu lake. Tatizo ni kutolewa bila kuchunguza na bila kuambiwa "ukiona homa, ukishindwa kukaa, ukishindwa kukojoa, njoo usiku huohuo." Ilinunua siku mbili za nafuu ambazo jipu lilizitumia.

Kwa upande wetu, makosa ni mawili makubwa. Hatukutuma usaha kuoteshwa maabara. Vingeota vijidudu vya utumbo badala ya vile vya ngozi, tungekuwa na sababu ya kuihofia fistula mapema. La pili ni sentensi yangu. "Arudi kukiwa na tatizo" inamwachia mgonjwa kazi ya kuamua tatizo ni nini, ilhali mgonjwa wa sehemu hii ameshazoea kulipunguza. Sasa tunaandika tarehe: wiki ya 2, ya 6 na ya 12, na kwamba majimaji yakiendelea kupita wiki ya 6 siyo kusafishika.

Kuhusu uzi wa kukata, mimi na bingwa hatujakubaliana. Naona angeuacha umelegea muda mrefu zaidi kisha atafute njia isiyogusa msuli. Yeye anasema mgonjwa anayeishi kwa kushona, safari ya mkoani ikimla mapato ya siku mbili kila mara, hawezi kuvaa uzi mwaka mzima akisubiri mbinu ambayo hospitali yetu haina. Fundi mwenyewe, tulipomuuliza, alisema angechagua upepo.

Tabaka la chini kabisa nililiona nilipokwenda zahanati ile, si kwa kumshitaki mtu. Nilimwambia tabibu yaliyotokea, akanyamaza kidogo, kisha akanionesha chumba chake. Mlango haufungi. Foleni inakaa kwenye benchi mita mbili mbele ya meza. Kitanda cha kupimia kipo dirishani, na pazia hakuna. "Daktari," akasema, "ningemvulia wapi?"

Tulipata shuka mbili za wodi zilizokwisha kazi. Fundi alizishona pamoja, akaweka pindo la kupitisha kamba, hakutaka malipo. Tangu pazia litundikwe tabibu amenipigia mara tatu. Mmoja alikuwa na jipu, tukalipasua likiwa bado dogo kama limau. Mwingine alikuwa na mpasuko. Wa tatu alikuwa na bawasiri kweli.